Rangi, utaifa na kivuli cha Haiti: Wadominika nianze kuwaeleza wapi?

Mwalimu_Zuhura

Wakuu, habari za saa hizi. Nina kipindi cha dakika 80 kuhusu rangi na utaifa katika Jamhuri ya Dominika, ile inayogawana kisiwa na Haiti, si kile kisiwa kidogo cha Dominica ambacho lazima mtu mmoja darasani akichanganye. Wanafunzi wote wameshaziona zile klipu: kijana mweusi anaulizwa kama ni mweusi, anajibu "hapana, mimi ni Mdominika", watu wanaangua kicheko, mjadala umekwisha. Sitaki kipindi changu kiishie kwenye kicheko.

Nimekwama sehemu tatu. Kwanza, hili neno *indio* wanalojiita: wanadai kweli kwamba ni uzao wa wenyeji wa kale wa kisiwa, au kuna jambo jingine? Pili, uadui na Haiti niuanzie 1822 au 1937? Kila kitabu nilichonacho kina tarehe yake. Tatu, ile hukumu ya 2013 iliyowavua watu uraia: iliwagusa nani hasa, na aliyeguswa hukwama wapi akifika dirishani kwa karani? Hili la tatu ndilo linalonitisha, maana kila makala ina idadi yake.

Naombeni tarehe na namba. Hisia ninazo za kutosha.

Kisiwa_Kimoja

Mwalimu, anza kwa kuiweka hiyo klipu mahali pake. Anayecheka amebeba kanuni ya Marekani, kwamba tone moja la damu ya Kiafrika linakufanya mweusi, na anawapimia watu ambao nchini mwao kanuni hiyo haijawahi kufanya kazi. Kwa Wadominika rangi husomwa kwa macho, haisomwi kwenye ukoo. Huangaliwa ngozi, nywele, pua, midomo, na kwa kiasi fulani hata mavazi na mfuko. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuitwa kwa majina mawili tofauti ya rangi na hakuna atakayeshtuka.

Majina ni mengi, ila kwa dakika 80 chukua machache. *Blanco* ni mweupe. *Jabao* ni mwenye ngozi nyeupe au ya manjano lakini nywele na sura zinaonyesha Afrika. *Trigueño* ni rangi ya ngano. *Indio* ni yule tunayemwita maji ya kunde, naye hugawanywa: *claro* akikaribia weupe, *oscuro* akikaribia weusi. *Moreno* ni mweusi kwa lugha ya heshima. *Negro* na *prieto* ni mweusi kavukavu, ingawa nyumbani mama huyohuyo humwita mwanawe *negrito* kwa mapenzi.

Kwa hiyo *indio* kwanza kabisa ni rangi. Wataino, yaani wenyeji wa kale wa kisiwa, kama jamii zilizojitawala walikwisha ndani ya miongo michache baada ya 1492: kazi za migodini, njaa, vita, kisha ndui ya 1518. Damu yao ipo bado, lakini kidogo. Tafiti za jeni hutofautiana kulingana na sampuli, ila picha ni ileile: asili ya Ulaya na ya Afrika kila moja iko karibu 40% hadi 50%, na ya wenyeji mara nyingi haifiki 10%. Upande wa akina mama asili ya Afrika ni kubwa sana, upande wa akina baba Ulaya inatawala. Kukaa kwenye hilo dakika mbili ni lazima, kwa sababu linaonyesha nani alikuwa na mamlaka juu ya mwili wa nani.

Swali la maana zaidi ni kwa nini neno *negro* lilikimbiwa. Hapo usianze na saikolojia, anza na uchumi. Santo Domingo, koloni la Hispania lililokuja kuwa Jamhuri ya Dominika, ndiko sukari ya kwanza ya Amerika ilikolimwa kwa jasho la watumwa, na ndiko uasi wa kwanza mkubwa wa watumwa ulikolipuka, Krismasi ya 1521, kwenye shamba la Diego Colón, mtoto wa Columbus. Lakini kufikia mwisho wa karne ya 16 sukari hiyo ilikuwa imeporomoka. Mwaka 1605 na 1606 gavana Antonio de Osorio akaihamisha kwa nguvu miji ya kaskazini na magharibi ili kukomesha magendo, akachoma kilichobaki. Koloni likawa maskini, la ng'ombe na ngozi. Mtumwa wa zizini alitembea na farasi na panga, akalala mbali na bwana wake, na kujikomboa au kutoroka kukawa rahisi kuliko kwenye miwa.

Linganisha: kuelekea 1790 upande wa Ufaransa, Saint-Domingue, yaani Haiti ya leo, ulikuwa na watumwa karibu 500,000. Upande wa Hispania idadi yao haikufika hata sehemu ya kumi ya hao, na watu huru wenye asili ya Afrika ndio waliokuwa wengi. Katika mazingira hayo *negro* likazoeleka kumaanisha mtumwa. Mtu mweusi aliye huru hakuwa na sababu ya kujiita hivyo, alikuwa na kila sababu ya kutafuta jina jingine.

Neno *indio* lilipata heshima karne ya 19, pale riwaya ya mwandishi Mdominika Galván ya 1882 ilipomfanya Enriquillo, chifu Mtaino aliyeasi kuanzia 1519, kuwa babu wa taifa. Halafu dikteta Trujillo (1930–1961) akaliingiza ofisini. Kitambulisho, *cédula*, kilikuwa na sehemu ya rangi, na karani ndiye aliyeijaza kwa kukutazama usoni. Wengi waliandikiwa *indio*. Sensa ya 1960 ilitoa 73% mchanganyiko, 16% weupe na 11% weusi. Namba hizo zisome kama jicho la dola, usizisome kama kipimo cha damu.

Rola_na_Draya

Kisiwa_Kimoja umesema vizuri, ila usiwaachie wepesi namna hiyo. Rangi kusomwa kwa macho hakuna maana kwamba macho hayana upendeleo. Ngazi ina juu na chini, na kila mtu anajua ipi ni juu. Kuna usemi *mejorar la raza*, kuiboresha mbegu, anaoambiwa binti akiolewa na mweupe kuliko yeye. Kuna matangazo ya kazi yanayotaka *buena presencia*, mwonekano mzuri, na mwombaji mwenye nywele za kipilipili anajua amekwisha kuondolewa kabla ya kutuma barua. Juan Antonio Alix alishawakejeli mwaka 1883 katika shairi lake kuhusu "mweusi nyuma ya sikio": wanaojigamba kwa weupe huku weusi umejificha hapo nyuma.

Mwalimu, ukitaka wanafunzi waione ngazi hiyo ikifanya kazi, waonyeshe saluni. Nywele ndizo zinazoamua pale ngozi inapokuwa ya katikati. Zikilala ni *pelo bueno*, nywele nzuri. Zikijikunja ni *pelo malo*, nywele mbaya. Seti ya Kidominika inakwenda hivi: nywele zinaoshwa, zinawekwa mafuta mazito ya kulainisha na kusuuzwa, halafu zikiwa bado mbichi zinakazwa kwenye rola kubwa, mteja anakaa chini ya draya ya kofia kwa muda wa saa moja au zaidi. Rola zikitoka, msusi anapitia mizizi kwa draya ya mkononi na brashi ya duara. Usiku nywele zinazungushwa kichwani na kubanwa kwa pini, wanaita *tubi*, ili zisivunjike mpaka siku ya kuosha tena.

Panapoharibika ni pawili. Rola zikitolewa ndani bado pana unyevu, mizizi inavimba kabla mteja hajafika nyumbani, na hali ya hewa ya Karibi inamalizia. Na joto likizidi wiki baada ya wiki, mkunjo wa asili haurudi tena, ncha zinabaki zimenyooka na kukatika. Ndiyo maana wanaoacha seti na dawa za kunyoosha hulazimika kukata karibu nywele zote. Saluni za nywele za asili zimeongezeka Santo Domingo, ile ya Miss Rizos iliyofunguliwa Zona Colonial, mji mkongwe wa Santo Domingo, mwaka 2014 ndiyo inayojulikana zaidi, lakini seti ya rola bado ndiyo mfalme.

Halafu msijidanganye kwamba wote wanaikana Afrika. Villa Mella, pembeni tu ya mji mkuu, kuna chama cha Congos del Espíritu Santo ambacho ngoma zake UNESCO ilizitambua mwaka 2001. San Pedro de Macorís kuna Wakokolo, wazao wa vibarua waliotoka visiwa vilivyotawaliwa na Waingereza, na michezo yao ya Guloya. Samaná kuna wazao wa Wamarekani weusi waliofika 1824 na 1825. Ngoma za *palos* zinapigwa kwenye sherehe za watakatifu nchi nzima. Tatizo ni kwamba mengi ya haya huitwa "utamaduni wa Kidominika" bila kutajwa yametoka wapi.

Mwalimu_Zuhura

Asanteni sana. Hiyo ya saluni naichukua yote kama ilivyo. Sasa Haiti. Nikisema "Wadominika walipigania uhuru kutoka kwa Haiti badala ya Ulaya", wanafunzi wanahitimisha wenyewe kwamba taifa zima lilizaliwa kwa chuki ya weusi. Ni kweli?

Jalada_la_Zamani

Nusu yake. Tarehe zipangwe sawasawa, dada, vinginevyo utafundisha historia aliyoitaka Trujillo.

Tarehe 1 Desemba 1821 José Núñez de Cáceres alitangaza kujitenga na Hispania, lakini serikali yake haikukomesha utumwa. Kwa mtumwa wa Santo Domingo huo uhuru haukuwa na nyama. Februari 1822 Rais Jean-Pierre Boyer wa Haiti akaingia na jeshi, akafuta utumwa. Wenye watumwa walimchukia kwa hilo. Wengine wengi walimpokea, na hili ndilo linaloachwa nje ya vitabu vya shule.

Utawala wake ulichosha baadaye kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 1825 Boyer alikubali kuilipa Ufaransa faranga milioni 150 ili Haiti itambuliwe (zilipunguzwa hadi milioni 90 mwaka 1838), na upande wa mashariki ukatozwa kodi kwa deni lisilowahusu. Akataifisha mali za Kanisa, akavuruga umiliki wa pamoja wa ardhi ya malisho, akailazimisha lugha ya Kifaransa katika shughuli za serikali, chuo kikuu kikafungwa. Juan Pablo Duarte na wenzake wa La Trinitaria, chama cha siri cha kupigania uhuru kilichoundwa 1838, walishirikiana na Wahaiti wapinzani kumng'oa Boyer mwaka 1843. Vita vya rangi havikuwa hivyo.

Sasa kitu ambacho wanafunzi wako hawatakisahau. Uhuru ulitangazwa usiku wa 27 Februari 1844. Kesho yake tu, watu weusi wa Monte Grande, waliokuwa wameachwa huru na Boyer, walishika silaha chini ya Santiago Basora kwa hofu kwamba taifa jipya litawarudisha utumwani. Serikali changa ilibidi iwaendee kuwahakikishia, na siku chache baadaye ikatoa amri kwamba utumwa umekufa moja kwa moja. Basora na watu wake wakaingia jeshini. Francisco del Rosario Sánchez, mmoja wa waasisi watatu, mwenyewe hakuwa mweupe.

Mwaka 1861 Rais Pedro Santana akairudisha nchi kwa Hispania. Hispania wakati huo bado ilikuwa na watumwa Cuba na Puerto Rico, ng'ambo tu ya maji. Hofu ileile ikawasha Vita vya Urejesho, 1863 hadi 1865, vilivyoongozwa na watu kama Gregorio Luperón, mwenye asili ya Afrika, tena kwa msaada uliopitia Haiti. Mwisho wa karne nchi ilitawaliwa na Ulises Heureaux, mweusi mwenye baba Mhaiti, mpaka alipouawa Moca mwaka 1899. Kama taifa lingekuwa limezaliwa na chuki ya weusi tu, huyu hangefika hata mlangoni pa ikulu.

Upande wa pili nao ulikuwepo, tusifiche. Mauaji ya Moca na Santiago yaliyofanywa na jeshi la Dessalines, mtawala wa Haiti, mwaka 1805 yalibaki midomoni mwa watu, na Haiti ilivamia mara kadhaa kati ya 1844 na 1856. Mbegu ilikuwepo. Aliyeilima ni Trujillo.

Oktoba 1937 aliamuru Wahaiti wa mpakani wauawe. Kazi ilifanywa kwa mapanga zaidi kuliko bunduki, ili ionekane ni wakulima wenye hasira na si jeshi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia maelfu machache na kuvuka 20,000, na hakuna orodha itakayomaliza ubishi huo. Serikali ilikubali kulipa fidia ya dola 750,000, ikaishia kulipa 525,000.

Ile hadithi ya *perejil*, kwamba askari walimwonyesha mtu jani la kotimiri na aliyeshindwa kutamka r alikatwa, itumie kwa tahadhari. Inafundishika vizuri mno, na hapo ndipo inapopotosha. Wengi wa waliouawa walizaliwa upande wa Dominika au waliishi huko tangu utotoni, Kihispania chao kilikuwa safi, na askari walielekezwa na wenyeji wanaowajua kwa majina. Mpaka wa Dajabón ulikuwa wa watu wa lugha mbili, waliooana, wenye ng'ombe na masoko pande zote. Kilichouawa pale ni ujirani. Vibarua wa mashamba makubwa ya miwa ya Wamarekani, waliokuwa Wahaiti hasa, kwa sehemu kubwa hawakuguswa. Ukiliweka hilo ubaoni, maelezo ya "chuki ya kale kati ya mataifa mawili" yanadondoka yenyewe. Na Mto Masacre wa mpakani, jina lenye maana ya mauaji, haukupewa jina kwa ajili ya 1937. Jina ni la enzi za ukoloni, la mauaji ya maharamia Wafaransa.

Baada ya mauaji ndipo zikaja shule, vitabu, makanisa na ngome za mpakani kufundisha kwamba Mdominika ni Mhispania, Mkatoliki na si Mhaiti. Trujillo, ambaye upande wa mama yake ulikuwa na damu ya Haiti na ambaye alijipaka poda usoni, akatangaza kupokea wakimbizi hadi 100,000 kutoka Ulaya. Wayahudi walioishia Sosúa kuanzia 1940 walikuwa mia kadhaa tu. Joaquín Balaguer, mtumishi wake aliyekuja kuwa rais, aliyabeba mawazo hayo mpaka uchaguzi wa 1996, ambapo José Francisco Peña Gómez, mweusi, mwenye asili ya Haiti, aliyezaliwa mwaka huohuo wa 1937, alishindwa duru ya pili baada ya kampeni iliyomwita Mhaiti mchana kweupe. Leo uwanja wa ndege wa Las Américas una jina lake.

Sheria_Mkononi

Nachukua swali la tatu. Nalitenganisha na mambo ya rangi kwanza, kwa sababu sheria yenyewe haitaji rangi popote. Inafanya kazi kwa karatasi.

Katiba ya 1929 ilisema aliyezaliwa nchini ni raia, isipokuwa watoto wa wanadiplomasia na wa watu walio "safarini". Kanuni ya uhamiaji ya 1939 ilitaja safari hiyo kuwa ya siku zisizozidi 10. Kwa miongo kadhaa kibarua Mhaiti wa *batey*, yaani kambi ya wakata miwa, alipeleka mtoto kwa msajili akiwa na *ficha* tu, kile kitambulisho cha kazi cha kampuni ya sukari, na msajili akaandika cheti cha kawaida. Hapakuwa na ujanja wowote, ndivyo ofisi ilivyofanya kazi.

Mabadiliko yalikuja kwa ngazi. Sheria 285-04 ya 2004 ilimfanya yeyote asiye na ukaazi kuwa "msafiri", hata akiwa amekaa miaka 30. Mwaka 2005 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ikasema huo si usafiri. Tarehe 29 Machi 2007 Bodi Kuu ya Uchaguzi, JCE, ambayo ndiyo inayosimamia usajili wa raia, ilitoa waraka namba 17 ukiwaagiza makarani wasitoe nakala za vyeti vinavyotiliwa shaka. Mwaka huohuo likaanza daftari la wageni: mama asiye na hati akijifungua anapewa karatasi ya rangi ya waridi badala ya nyeupe. Katiba ya 2010 ikawaondoa rasmi watoto wa wakaazi wasio halali. Kisha hukumu TC/0168/13 ya Mahakama ya Katiba ya 23 Septemba 2013, kwa kura 11 dhidi ya 2, ikasema tafsiri hiyo ya "safarini" ihesabiwe kuanzia 1929.

Sheria 169-14 ya 23 Mei 2014 ilitoa nafuu kwa kuwagawa watu. Kundi A ni waliozaliwa kati ya 16 Juni 1929 na 18 Aprili 2007 na wakasajiliwa: hao warudishiwe uraia. Orodha ya JCE ya 2015 ilikuwa na watu kama 55,000. Kundi B ni waliozaliwa nchini bila kusajiliwa: walipewa siku 180 kujiandikisha *kama wageni* katika nchi waliyozaliwa, wasubiri miaka miwili, ndipo waombe uraia wa kuandikishwa. Ushahidi ulikuwa cheti cha hospitali, au tamko la mkunga, au la ndugu wa karibu wenye hati, au tamko mbele ya mwanasheria lenye mashahidi saba. Waliofanikiwa kujiandikisha ni 8,755. Mwaka 2020 amri ya rais iliwapa uraia 750 kati yao.

Panapokwama dirishani:

Kundi A, mara nyingi usajili wa awali ulihamishiwa kwenye daftari jipya na ule wa kwanza ukaombewa kufutwa. Mtu ana *cédula*, lakini akitaka nakala ya cheti cha mwaka aliozaliwa, karani anafungua daftari la zamani na kusema jina lina pingamizi.

Mama asiye na hati hawezi kumwandikisha mtoto. Hata baba akiwa Mdominika kamili, ambaye kikatiba anampa mtoto uraia kwa damu, ofisi hudai hati za mama, na mtoto anaishia daftari la wageni. Kosa linarithiwa hivyo.

Bila *cédula* hakuna ajira rasmi, akaunti ya benki, ndoa ya serikali wala chuo kikuu. Na kwa kuwa vituo vya ukaguzi barabarani huangalia uso kwanza ndipo karatasi, rangi inarudi kwa mlango wa nyuma: Mdominika mweusi asiye na tone la damu ya Haiti naye hushushwa basi akisahau kadi nyumbani.

Mpenda_Mipaka

Naomba niwe mkweli. Kila nchi ina haki ya kuamua nani ni raia wake. Nchi nyingi duniani hazitoi uraia kwa kuzaliwa tu. Haiti imevurugika na jirani yake anabeba mzigo. Kwa nini Wadominika pekee ndio wabaguzi?

Sheria_Mkononi

Ndugu, haki hiyo ipo na hakuna aliyeipinga hapa. Katiba ya 2010 ikisema kuanzia leo mtoto wa mtu asiye na ukaazi si raia, huo ni uamuzi wa nchi, bishana nao utakavyo. Kilicholeta kesi ni kurudi nyuma miaka 84 na kumwambia mtu wa miaka 50, mwenye cheti kilichogongwa muhuri na ofisi ya serikali hiyohiyo, kwamba hakuwahi kuwa raia. Usimchanganye huyo na mhamiaji. Mhamiaji alikuwa na mpango wake tofauti wa kurasimishwa, uliofungwa Juni 2015 ukiwa na waombaji karibu 288,000. Wanaorudishwa kwa malori tangu serikali ilipotangaza Oktoba 2024 lengo la hadi watu 10,000 kwa wiki nao ni kundi jingine, ingawa malori yenyewe hayawatenganishi vizuri.

Mwalimu, kuhusu idadi zinazogombana: 209,912 ni ya utafiti wa wahamiaji wa 2012, watu waliozaliwa nchini wenye mzazi Mhaiti. Inahesabu watoto tu, haihesabu wajukuu, na inawachanganya wenye mzazi mmoja Mdominika. 133,770 ni ya Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa, inayobakiza wale ambao wazazi wote wawili walizaliwa nje. 55,000 na 8,755 ni waliopita kwenye sheria ya 2014. Ziandike zote nne ubaoni na swali ambalo kila moja inajibu. Ukiandika moja peke yake, itakuangusha swali la kwanza tu.

Kisiwa_Kimoja

Kwa dakika 80 mimi ningegawa hivi: 15 za rangi na saluni, 25 za 1822 hadi 1865, 15 za 1937, 20 za karatasi, na tano za maswali ambazo hazitatosha. Usikate ile ya 1822 hadi 1865 ukiona muda unakimbia. Wengi huikata hiyo, halafu 1937 inaonekana kama imetoka mbinguni.

Kama una zoezi la dodoso, tenganisha maswali matatu: rangi unayojiona nayo (weka maneno yao wenyewe, *indio* na *moreno* yakiwemo), asili ya mababu, na uraia. Ukiyabana katika swali moja, Mdominika atajibu uraia, na utarudi kulekule kwenye klipu. Tafiti nzuri za Amerika ya Kilatini huongeza kadi yenye rangi 11 za ngozi ambayo mhojaji anaijaza mwenyewe bila kuuliza. Pengo kati ya kadi na jibu la mtu ndilo lenye habari.

Mwalimu_Zuhura

Na walioko Marekani? Nimesoma kwamba huko hubadilika wakaanza kujiita weusi.

Rola_na_Draya

Baadhi yao, hasa waliozaliwa Washington Heights na Bronx huko New York, ambako polisi na mwenye nyumba ya kupanga hawajui *indio* ni nini. Wengi bado hutia alama "rangi nyingine" kwenye fomu ya sensa na kuandika "Mdominika" kwenye nafasi iliyo wazi. Fomu inawauliza rangi, wao wanajibu taifa. Mwaka 2024 serikali ya Marekani iliamua kuunganisha swali la rangi na lile la kama mtu ni *Hispanic*, yaani mwenye asili ya Amerika ya Kilatini au Hispania, kuwa moja kwa fomu zijazo, kwa hiyo namba za zamani na mpya hazitalinganishika moja kwa moja. Kipindi chako kikiwa cha Karibi, hilo liache kwa kipindi kingine.